Namna ya kuwaona wadudu wanaojificha katika msafara wa siafu

Ukitaka kuwaona wadudu wanaoishi kwa jasho la siafu, achana kwanza na msafara unaowinda. Huo ndio unaovuta watu kwa sababu ya vurugu zake: panzi wanaruka ovyo, mende wanatoka chini ya majani, ndege wanapiga kelele juu ya vichaka. Lakini hao ninaowazungumzia mimi makao yao ni kiotani, chini ya ardhi, karibu na mabuu na ghala la nyama, na huko mtu haingii. Subiri siku siafu wanapohama. Siku hiyo kila aliyemo ndani hutoka nje: malkia, mabuu, pupa, na pamoja nao wale wote waliokuwa wakila bila kuwinda. Watapita mbele ya macho yako, kwenye njia isiyozidi upana wa kiganja.

Naandika kutoka Usambara Mashariki, upande wa Muheza. Nalima iliki na pilipili manga nje ya hifadhi ya Amani, na watalii wakija nawatembeza. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza, "Mama, siafu tutawaonyesha nini watu zaidi ya kuwakimbia?" Nimewaandikia wao, na yeyote mwingine aliye tayari kung'atwa kidogo.

Mjue kwanza mwenye nyumba

Siafu ni kundi zima la spishi, jenasi ya Dorylus, zinazofikia kama 60, karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, na chache zimevuka hadi Afrika Kaskazini na Asia. Nyingi hutembea chini ya udongo na unaweza kulima maisha yako yote usizione. Wanaopita juu ya ardhi kwa misafara mirefu ni wachache. Wa kwetu milimani ni Dorylus molestus, huyohuyo anayeishi kwenye misitu ya Mlima Kenya. Ukifika Kakamega utamkuta pamoja na ndugu yake wa misitu ya Kongo, Dorylus wilverthi.

Mambo mawili yatakusaidia kuelewa kila utakachoona. La kwanza, wafanyakazi wa siafu hawana macho. Wanamjua mwenzao kwa harufu na kwa kumgusa na vipapasio. La pili, koloni moja ina malkia mmoja tu na wafanyakazi wanaohesabika kwa mamilioni. Giza, harufu moja, na chakula kingi kinachoingia mchana na usiku: mdudu akishapata namna ya kunukia kama wenyeji, au kuteleza wasipomshika, ameshapata kula na kulala. Ndiyo maana viota hivi vimejaa wageni.

Misafara ya aina tatu

Kosa la wengi ni kuona mstari mweusi barabarani na kusema "siafu hao", basi. Chuchumaa uangalie wamebeba nini na wanaelekea wapi.

Msafara wa kuwinda unaenda pande zote mbili. Wanaotoka mikono mitupu, wanaorudi wamebeba vipande: mguu wa panzi, nusu ya mnyoo, buibui aliyekatwa. Mbele kabisa hakuna njia, kuna zulia la siafu linalotambaa majanini.

Msafara wa kawaida wa nyuma, unaounganisha kiota na mawindo, ni mwembamba na umetulia. Mara nyingi umeshajengewa kuta za udongo pembeni, na pale jua linapopiga wanaufunika kabisa kwa paa la chembechembe za udongo.

Msafara wa kuhama ndio tunaoutafuta. Mzigo wake ni mweupe. Karibu kila mfanyakazi amebeba buu au pupa chini ya tumbo, mzigo ukiburuzwa katikati ya miguu, na weupe wote unakwenda upande mmoja. Wapo wanaorudi, lakini wanarudi mikono mitupu. Pembeni askari wenye vichwa vikubwa wamesimama wameinua taya, wengine wameshikana miguu wakawa ukuta na hata upinde juu ya njia. Ukiona hivyo, tuma mtoto akuletee kigoda. Kuhama kwao hakumaliziki saa moja. Kwa kawaida huendelea usiku kucha na mara nyingi hushika siku mbili tatu, kwa hiyo una muda wa kwenda kula na kurudi.

Utawapata wapi? Kwetu ni rahisi wakati wa masika na wa vuli, ardhi ikiwa imelowa, kwenye kingo za barabara za mashamba ya chai, chini ya iliki, na kwenye migomba. Kiangazi kikikaza wanashuka chini na utachoka kutafuta. Njia ya mkato ni kuuliza watu. Mwenye kuku anajua siafu wako wapi kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu vifaranga vilivyofungiwa bandani havina pa kukimbilia. Na ukisikia ndege wengi wa msituni wamekusanyika chini chini wakilia kwa wasiwasi, sogea polepole. Yule wa rangi ya kahawia iliyokolea mwenye mkia mwekundu, Neocossyphus rufus, anapenda sana kufuata siafu ili adake wadudu wanaokimbia. Ila yeye atakupeleka kwenye uwindaji. Kutoka hapo ufuate mstari kinyumenyume mpaka kiotani, uweke alama, uwe unapita kila asubuhi kuangalia kama weupe umeanza kutoka.

Vitu vya kubeba

Gambuti ni lazima. Suruali iingie ndani ya soksi, na soksi ndani ya gambuti. Wanaopaka mafuta ya taa kwenye gambuti nawaelewa, lakini harufu yake inavuruga msafara na utakuwa umekuja kuangalia siafu waliochanganyikiwa. Mimi nachukua jivu la jikoni, namwaga duara nene kuzunguka pale nitakapokaa. Likilowa halifai tena, kwa hiyo beba la akiba kwenye mfuko wa plastiki.

Tochi ya kichwani, na kipande cha nailoni nyekundu cha kufunikia taa. Siafu hawana macho, ila nzi wanaowazunguka wanayo, na mwanga mweupe utakuletea nondo wote wa bonde hilo usoni.

Karatasi ngumu ya plastiki nyeupe, kama ile ya jalada la faili, ndicho kifaa changu kikubwa kuliko vyote. Matumizi yake yanakuja. Ongeza sahani nyeupe yenye kingo, brashi ndogo ya rangi yenye nywele laini, kibano, lenzi ya kukuza mara kumi, kichupa kimoja au viwili vya kioo, na simu yenye kamera inayoweza kupunguza kasi ya picha. Kingo za sahani zipake poda ya mtoto kwa ndani; siafu akipanda poda inamwangusha. Daftari liwe la penseli, kwa maana wino na ukungu wa Usambara havielewani.

Kukaa na kuangalia

Usikae mahali msafara unapotoka shimoni. Pale kuna askari wengi na hasira nyingi. Nenda mbele mita kumi au ishirini, tafuta sehemu ya njia iliyo wazi na tambarare, ukae umbali wa mita moja. Sokwe wa Gombe huwala siafu kwa kuchovya fimbo kiotani, na fimbo hizo zilipopimwa miaka ya 1970 wastani wake ulikuwa sentimita 66 hivi. Ikiwa sokwe mwenye ngozi ile anaona afadhali akae mbali kiasi hicho, wewe ongeza kidogo. Kabla hujakaa, zunguka uangalie nyuma yako. Siafu wana tabia ya kufungua njia ya pili, na mtu aliyezama kwenye lenzi haoni hadi ya pili imefika kiunoni.

Sasa chukua ile plastiki nyeupe. Ilaze chini kando ya njia, uisukume polepole kwa kijiti mpaka ukingo wake upite chini ya siafu au wao wapande juu yake. Watavurugika. Askari watatawanyika, wataipapasa, wataing'ata. Wewe ondoka, kunywa chai. Baada ya muda watakuwa wameikubali na njia inapita juu ya plastiki. Hapo kila kinachopita kina mandhari nyeupe nyuma yake, na mgeni hana pa kujificha.

Usijaribu kumtazama siafu mmojammoja, utapata kizunguzungu. Tuliza macho sehemu moja na uache mto upite. Jicho lako litazoea mwendo wa siafu, ambao ni wa haraka na ulionyooka, na baada ya hapo litakamatwa lenyewe na chochote kinachotembea tofauti. Kuna kinachopinda kulia na kushoto. Kuna kinachosimama na kuanza tena. Kuna kinachoruka hatua fupifupi. Kuna kinachotembea ukingoni tu, kisithubutu kuingia katikati. Hao ndio wenyewe.

Nawaambia vijana wangu: usifungashe vitu wakati mabuu yamekwisha kupita. Mimi hupata wageni wengi zaidi mkiani mwa msafara, siafu wakiwa wamepungua na njia imebaki harufu tu. Wengine hupita peke yao kabisa, bila siafu hata mmoja karibu, wakinusa njia waliyoachiwa.

Ni nani hao

Wengi utakaowaona ni mbawakawa wa jamii ya Staphylinidae. Umbo lao unalijua tayari: yule mdudu mwekundu na mweusi anayeunguza ngozi, anayeitwa na wengi Nairobi flai, ni wa jamii hiyohiyo. Mabawa yao magumu ni mafupi, tumbo lote liko nje, na wengi hulikunja juu ya mgongo wanapokimbia. Hilo la kukunja mkia ndilo litakaloonekana kwanza kwenye plastiki nyeupe.

Wapo wa viwango. Wa kwanza bado ana sura ya mbawakawa wa kawaida, anakimbia pembeni na siafu wakimgusa anainua tumbo na kuondoka mbio. Wa pili ameshaanza kubadilika: kiuno chembamba, miguu mirefu, rangi ya kahawia ya siafu. Wa mwisho kabisa amegeuka siafu mtupu kwa kumwona juujuu. Kasisi Mjesuti Erich Wasmann, aliyefariki mwaka 1931 baada ya kutumia maisha yake kwa wageni wa viota, alieleza mwaka 1912 mbawakawa mmoja wa Kameruni, Mimanomma spectrum, mwenye mwili mwembamba uliokaribia umbo la siafu kiasi kwamba bila lenzi hakuna atakayebisha.

Hapo watu huuliza: kama siafu ni vipofu, kujifananisha kwa sura kuna faida gani? Jibu la Wasmann lilikuwa kwamba siafu humtazama mgeni kwa vipapasio. Kinachotakiwa ni mgusio: kiuno kiwe mahali pa kiuno, ngozi iwe na ulaini uleule. Wengine husema sura ni kwa ajili ya ndege wenye macho, wasiopenda kumeza siafu. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na nimechoka kusikia watu wakichagua moja.

Jambo moja limeshapimwa vizuri. Mwaka 2017 Munetoshi Maruyama na Joseph Parker walilinganisha vinasaba vya mbawakawa hawa kutoka misafara ya siafu na jamaa zao wa mabara mbalimbali, wakakuta umbo hili la kisiafu lilizuka si chini ya mara 12, kila mara peke yake, kutoka kwa mababu wasiofanana na siafu. Ukimwonyesha mtalii mbawakawa mwenye kiuno, mweleze hilo, kisha mwache anyamaze mwenyewe.

Wapili ni mbawakawa mviringo, mgumu, anayeng'aa, wa jamii ya Histeridae. Huyu hajisumbui kufanana na mtu. Siafu akimng'ata, anaingiza miguu na kichwa ndani na taya zinateleza. Wakiondoka anaendelea na safari.

Watatu ni nzi wadogo wa jamii ya Phoridae. Katika kundi hili la siafu kuna majike yasiyo na mabawa, yanayokimbia ndani ya msafara kwa hatua za kushtukashtuka hivi kwamba utadhani ni chembe ya takataka inayopeperushwa. Ukiona takataka inayopeperuka na hakuna upepo, weka lenzi.

Wapo pia wadudu wembamba wenye magamba yanayong'aa, jamaa wa wale wanaokula karatasi kabatini, hawa wa kiotani wakiwa wafupi na wapana zaidi. Na utitiri: hao hawatembei, wamepanda. Mtafute mfanyakazi anayekwenda polepole, umwangalie miguuni na nyuma ya kichwa. Huko Amerika, kwa Eciton ambao ndio siafu wa bara lile, kuna utitiri mmoja anayekaa kwenye unyayo wa askari, na askari hutembea akiukanyagia kama ndio mguu wake. Spishi moja tu, Eciton burchellii, imeshahesabiwa zaidi ya viumbe 300 wanaoitegemea kwa namna moja au nyingine, kuanzia ndege mpaka utitiri. Siafu wetu hawajapata watu wa kuwakalia kiasi hicho. Kazi ipo.

Yule mwizi wa mchana

Wote hao niliowataja wanahitaji subira. Lakini kama una mtoto, au mtalii mwenye haraka, mwonyeshe nzi wa Bengalia. Huyu hahitaji usiku wala plastiki.

Ni nzi mkubwa kiasi, wa rangi ya kahawia ya mchanga au ya majani makavu, anayekaa juu ya jani au jiwe kando kabisa ya msafara, mchana. Cha kumtambua ni kikao chake: ameelekeza uso kwenye njia, miguu imejikunja, hatingishiki. Nzi wa kawaida hujisafisha, hugeuka, huruka akarudi. Huyu anasubiri. Siafu anapita na kipande cha nyama au buu. Nzi anashuka, anakishika kile kitu kwa mdomo wake mgumu, na wanavutana. Siafu hamwoni, haelewi kwa nini mzigo umeota nguvu. Wakati mwingine nzi anarudi nyuma hatua moja baada ya nyingine akimburuza siafu pamoja na mzigo mpaka nje ya njia, na huko peke yake siafu anaachia. Nzi anahamia kwenye jani, anafyonza, anarudi kikaoni palepale.

Hapa ndipo pa kutumia kamera inayopunguza kasi. Weka simu juu ya kijiwe, ielekeze kwa nzi aliyeshakaa na usiifuate njia. Kivuli chako kisimpite, ataruka. Nimeona watalii waliokuja kwa ajili ya vinyonga na ndege wakisahau kabisa ratiba yao kwa sababu ya nzi huyu.

Nani ni kimelea na nani anakula mabaki

Msiwaite wote vimelea mbele ya mtu anayejua. Namna nzuri ya kuwagawa ni kuangalia siafu wanamfanyia nini mdudu huyo, na hapo nafuata mgawanyo wa Wasmann nikiusema kwa Kiswahili cha shambani: anayefukuzwa, asiyejaliwa, anayetunzwa, na anayekaa mwilini.

Fanya hivi. Ukimwona mdudu usiyemjua, usimchukue. Mfuate kwa macho mpaka agongane na siafu mara tatu nne. Siafu akimrukia na wenzake wakaja, huyo ni windo lililopotea njia, au ni mgeni anayeishi kwa kukimbia. Atakayekuwa hai baada ya dakika moja ni mgeni. Siafu akimpapasa haraka na kumpita, harufu yake imekubalika. Siafu akisimama kumlamba, hasa kwenye vishungi vya nywele ubavuni au tumboni, basi huyo ni mwenyeji kuliko wenyeji. Vishungi hivyo hutoa kitu ambacho siafu wanakipenda.

Anachokula ni swali jingine, na kwenye msafara huwezi kulijibu kila mara. Kuna wanaokula mayai na mabuu, na hao ni hasara ya moja kwa moja. Kuna wanaodokoa kwenye nyama iliyoletwa. Kuna wanaokula mabaki ya jalalani, na sidhani siafu wanapoteza chochote kwa hao. Andika ulichokiona, sehemu ya chakula iache wazi mpaka umkute anakula.

Jalala

Siafu wakishaondoka kabisa, kazi haijaisha, na kwa maoni yangu ndipo inapokuwa tamu kwa sababu hung'atwi tena. Ngoja siku moja au mbili baada ya wa mwisho kuondoka. Hakikisha kwa kuingiza kijiti kirefu kwenye mashimo. Kikitoka na siafu, rudi nyumbani.

Karibu na milango ya kiota kuna lundo la udongo uliotolewa, na juu yake au pembeni kuna jalala: vichwa vya siafu, maganda ya mbawakawa, miguu ya panzi, mabaki yasiyolika. Tandaza shuka jeupe. Chukua konzi za jalala uzipitishe kwenye chekeche la unga. Vikubwa vinabaki juu, vidogo vinaanguka na kuanza kukimbia. Usiviguse mara moja, vitajifanya vimekufa; hesabu taratibu hadi mia, ndipo utaona nani anaamka. Mbawakawa wa mabawa mafupi watakuwa wengi, pamoja na wale mviringo, mabuu ya nzi na maganda ya pupa zao.

Kama una umeme au taa ya sola, kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati, geuza sehemu ya juu iwe mrija wa kumiminia, weka kipande cha chandarua ndani, jaza jalala juu ya chandarua na uning'inize taa juu yake. Chini weka sahani yenye karatasi yenye unyevu. Wadudu hukimbia mwanga na ukavu, wanashuka na kuanguka. Iache usiku mzima. Taa isiguse majani makavu.

Wadudu wa jalala hawawi wote wageni wa siafu. Wapo wa msituni waliofuata harufu tu. Aliyeonekana msafarani na jalalani pia, huyo una hakika naye.

Malkia, dume na sheria

Ukibahatika, katikati ya uhamaji utaona uvimbe wa siafu unaotembea, wafanyakazi wamelundikana juu ya kitu kimoja kirefu. Huyo ni malkia, hana mabawa, na kwa spishi kubwa hufikia sentimita 5. Piga picha, usimguse. Koloni haiwezi kutengeneza malkia mwingine kwa haraka. Kwenye Mlima Kenya watafiti waliwahi kuwaondoa malkia wa D. molestus kwa makusudi, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalionyesha kwamba wengi wa wafanyakazi walioachwa yatima waliishia kujiunga na koloni za jirani. Kwa hiyo ukimwua malkia umefuta nyumba nzima, na wageni wake pamoja nayo.

Wale wadudu wakubwa wa rangi ya kutu wanaokuja kwenye taa usiku baada ya mvua, tumbo nene kama soseji, si vimelea wala nyigu. Ni madume ya siafu. Msione haya kudanganyika: Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeanzisha majina ya kisayansi ya viumbe, mwaka 1764 alimpa dume wa siafu jina la nyigu, Vespa helvola. Dume akianguka karibu na msafara, wafanyakazi humng'ata mabawa yakakatika na kumburuza kiotani. Mwache waendelee.

Ndani ya hifadhi ya Amani, ambayo iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, usikusanye hata utitiri. Kuangalia na kupiga picha na mwongozaji, sawa. Kuchukua sampuli ni kazi ya utafiti inayohitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ruhusa ya wenye hifadhi. Ninayoyaeleza kuhusu chekeche na chupa nafanya shambani kwangu, na wadudu nawarudisha jalalani asubuhi. Picha nzuri, zikiwa na tarehe, mahali, na neno moja muhimu, "msafarani" au "jalalani", zinaweza kupandishwa iNaturalist, tovuti ya kushirikishana picha za viumbe, na wataalamu wa mbawakawa huko huamka haraka wakiona mgeni wa siafu.

Ukirudi nyumbani

Usiingie ndani na nguo hizo. Kung'uta gambuti nje, geuza soksi, angalia mishono ya suruali. Askari aking'ang'ania ngozini usimvute kwa tumbo. Mwili utatoka na kichwa kitabaki kimekubana. Ingiza ncha ya kibano katikati ya taya na uzipanue, zinaachia zenyewe. Paka maji ya chumvi. Na kama umeona msafara wa kuwinda unaelekea nyumba za watu, pita uwaambie kabla hujaenda kulala: wafungulie kuku na mbuzi, wamtoe mtoto mchanga, waiache nyumba wazi. Usiku mmoja unatosha, na asubuhi watarudi kwenye nyumba isiyo na panya wala mende.